Kipa Aliyekataa Kutajwa

Haya ni maneno niliyoyasema Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, jioni watoto wa mitaa yetu walipopewa zawadi za mpira. Vijana waliniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu na nilivyoyasema, na pale watu waliponikatiza nimepaacha vivyo hivyo.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masharifu na maustadhi mlio mbele. Wazee wangu mliozoea kukaa hapa hata pasipo shughuli. Mama zetu na dada zetu upande wa sokoni. Wageni wetu wa kanisani, Bwana asifiwe. Na nyinyi watoto, wenye shughuli yenu, hamjambo? (Walijibu watatu. Wengine walikuwa wanaitazama mipira.) Haya, nimeelewa. Mipira tutaifikia.

Mwenyekiti amenipa robo saa, na ameniahidi kwamba nikizidi ataruhusu punda wapite. Anayeijua Mkunguni saa hizi anajua si kitisho cha bure.

Kazi niliyopewa ni kumtambulisha mgeni rasmi. Sasa, mgeni rasmi kwanza si mgeni. Amezaliwa nyumba ya nne kutoka kwetu. Pili, hapo nyuma kabla hatujaketi amenishika kiwiko akaniambia, "Ukilitaja ina langu kwenye hicho kipaza, mimi nenda zangu, na zawadi mutagawa wenyewe." Mnaomjua mnajua kwamba kwa jambo hilo hana mzaha. Basi tumwite Ami. Yule pale, mstari wa mwisho, kofia imemwinamia kwenye paji la uso, anajifanya anasoma ratiba. Ami, ratiba umeishika miguu juu.

Kwa wasiomjua: Ami alikuwa kipa. Ni mzaliwa wa Mkomani aliyeishi langoni (Mkomani na Langoni ni mitaa miwili ya Lamu, na lango pia ni goli), na mzaha huu ni wa zamani kuliko mimi, msidhani nimeutunga. Enzi zake magoli yalikuwa boriti za mikoko. Wavu haukuwepo, na mpira ukipita ilibidi mtoto mmoja aukimbilie mpaka kwenye minazi. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka saba, sina timu, danadana tatu zinanishinda, lakini nina kazi: kuokota mpira nyuma ya goli la Ami. Nikimrudishia alikuwa ananiambia, "Ahsante, bwana mkubwa," nami nilikuwa nalala na maneno hayo mpaka mechi nyingine.

Alikuwa anaruka mtu yule. Wazee hapa watanishuhudia. Kuna makipa wanaoufuata mpira, na kuna wanaoungoja njiani. Ami alikuwa anaungoja, kama mtu aliyeandikiwa barua kwamba utapita hapa saa fulani. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kiligonga boriti mechi moja, kikavunjika, kikajiunga chenyewe kilivyopenda. Mpaka leo kimepinda kama ndoana. Kidole hicho msikisahau, nitakirudia.

Na alikuwa na ulimi. Penalti ikitolewa, nusu ya watu walikuja kutazama, nusu kusikiliza. Kulikuwa na kijana mmoja wa Langoni, mshambuliaji, mguu wake wa kushoto ulikuwa na moto. Akapiga penalti, Ami akaidaka, wala hakuruka, aliidaka kifuani. Kisha akamwendea yule kijana pole pole, akamkabidhi mpira kwa mikono miwili kama anayekabidhi sahani ya biriani, akamwambia, uwanja mzima unasikia: "Shika, mpelekee mamako." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mimi pia, nyuma ya goli, nilicheka na huku sijui hasa nacheka nini. Kijana yule akabandikwa jina, Mpelekee Mama. Akienda sokoni, Mpelekee Mama. Akipita gatini, Mpelekee Mama. Msimu ule hakurudi uwanjani, wala uliofuata.

Hadithi hii nina ruhusa ya wote wawili kuisimulia.

Timu ya Ami ilipata kikombe kimoja tu maisha yake yote. Nimekiona kwake: kimetiwa sindano, nyuzi za kushonea kofia na miwani iliyovunjika mguu mmoja. Mshahara hakupata, pensheni hakupata, na alipoacha mpira hakuna aliyempa hata mkono wa kwaheri. Jumamosi moja hakutokea, ikawa basi. Nalisema hili kwa kuwa kamati iko hapa, nami ni mmoja wao. Sisi wachezaji wetu tunajua sana kuwasifu matangani.

Mimi nikaenda Mombasa kutafuta riziki, nikakaa miaka ishirini na mitatu. Nikarudi fundi wa injini za boti, kichwa kina mvi. Siku ya pili tu, baada ya Alasiri, nikamtafuta Ami. Nilikuwa na maswali yangu nimeyapanga tangu kwenye boti ya Mokowe: mshambuliaji gani alimsumbua zaidi, lile shuti la mwisho la fainali alilionaje. Maswali ya mtoto wa kuokota mpira.

Nikamkuta kwenye baraza ya madrasa. Watoto kama ishirini wamekaa chini wanangoja darasa, na yeye amesimama mbele yao, kawapa mgongo wa upande upande, kanzu kaishika kwa mikono miwili, kaiinua mpaka juu ya vifundo vya miguu ili asiambiwe kaficha kitu. Akasema, "Nyamaani." Wakanyamaa. Na Mungu ni shahidi wangu, yule mzee akapaa. Si sana, kiasi cha vidole vitatu. Visigino vyote viwili viliondoka kwenye sakafu, vikakaa hewani, kisha vikashuka kama mtu anayeshuka ngazi moja. Msichana mmoja alipiga ukelele. Mimi, mtu mzima mwenye mvi, nilisema Subhanallah kwa sauti.

Sasa hapo, mwingine angeondoka na heshima yake. Mwingine angesema ni dua fulani, njooni kesho na sadaka. Ami aligeuka akasema, "Ndooni. Ndooni muone uwongo wangu." Akawazungusha upande wa pili, akarudia. Wakakiona: guu la mbali limesimama kwa ncha za vidole, na guu la karibu limeinuliwa sambamba na kisigino cha lile la kwanza, basi aliye nyuma anaona visigino viwili hewani na vile vidole vinavyobeba mwili wote havioni. Akawaambia, "Nimesimama kwa kidole. Hapana mtu apaaye hapa. Mukimuona mtu mzima anapaa, muzungukeni upande wa pili."

Kisha kila mtoto akajaribu, wakaanguka, wakacheka, wakaangukiana. Ukapita muda mpaka wakatulia. Halafu akakaa, akafungua juzuu, na kile kidole kilichopinda kikaanza kutembea chini ya herufi, alifu, be, te. Kinaonyesha herufi inayofuata badala ya ile inayosomwa, kwa kuwa ncha yake imekwenda kombo, na watoto wameshazoea. Wanasoma herufi moja nyuma ya kidole. Nilikaa mpaka Magharibi. Maswali yangu ya mpira sikuyauliza.

Siri ile ya kupaa, jamani, si ya Ami. Yeye mwenyewe anasema. Aliipata kwa binamu yake aliyekuwa baharia, na binamu aliitoa Marekani, kwa Muhammad Ali, yule bondia.

Vijana, Ali mnamjua kwa picha za fulana. Wazee wanamjua kwa redio. Tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, pambano lilianza saa kumi alfajiri kwa saa za kule, kwetu ni saa kumi na mbili, watu wametoka msikitini. Ali ana miaka 32, na dunia nzima imesema leo anauawa. George Foreman ana miaka 25, anapiga watu kama mtu anayevunja milango. Ali akaegemea kamba, akajikunja, akapigwa raundi baada ya raundi mpaka mpigaji akachoka, na raundi ya nane akamwangusha. Ami anasema siku hiyo hapakuuzwa kitu Lamu nzima mpaka adhuhuri. Hapo sikumwamini, lakini simpingi.

Ali aliacha ulingo mwaka 1981. Mwaka 1984 madaktari wakatangaza maradhi yaliyomshika, Parkinson, mikono inatetemeka, sauti inafifia. Mtu aliyeishi kwa ulimi wake, ulimi ukaanza kumwacha. Na huyo ndiye alikuwa anachukua vijitabu vya dini, anaketi, anaviwekea saini yake kimoja kimoja kwa mkono unaotetemeka, kwa hesabu moja rahisi: kijitabu hiki mtu angekitupa, lakini akiona saini ya Ali atakihifadhi, na akikihifadhi huenda siku moja akakisoma. Na wageni wakija alikuwa anawafanyia viinimacho, leso inapotea mkononi, yeye anapaa. Kisha anawaonyesha ilivyofanyika, kila kitu, kwa sababu dini yake, alisema, haimruhusu kudanganya watu. Wenzake wa viinimacho hawakufurahi. Kwao, kutoboa siri ni kama sisi kumwaga kisima.

Niliwauliza maustadhi kama hili lina msingi, wakanicheka kwa kuuliza. Mtume, sala na salamu zimshukie, alikuwa akifanya mzaha, lakini hata kwenye mzaha hasemi ila kweli. Na ni yeye aliyesema kutabasamu mbele ya uso wa nduguyo ni sadaka, na ni yeye aliyesema anayetughushi si katika sisi. Ami hadithi hizi mbili hazitenganishi. Kwake ni kama makasia mawili: ukivuta moja tu, mtumbwi unazunguka palepale.

Nisimpake Ali mafuta kupita kiasi, Ami mwenyewe angenirudi. Februari 1980 Ali alitumwa Afrika na Rais Carter kuja kutushawishi tusiende Olimpiki ya Moscow. Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea, na nadhani alikuwa na haki: jambo kubwa la mataifa unamtuma bondia? Akaja Nairobi. Ami habari zilimfikia Ali ameshaondoka. Anasema hata kama zingewahi, nauli angeipata wapi. Ndivyo alivyomkosa mtu aliyemfuata maisha yake yote, na nimemwona akilisimulia hilo bila uchungu wowote, isipokuwa anakuwa amepangusa miwani mara tatu.

Kosa kubwa la Ali lilikuwa kwa bondia mwenzake, Joe Frazier. Kabla ya pambano la Manila la 1975 alimfananisha na sokwe mbele ya kamera, dunia ikacheka, na watoto wa Frazier wakaenda shule na kicheko kile. Mwaka 2001 Ali alikiri kwa mwandishi wa gazeti kwamba alisema maneno yasiyofaa, akaomba radhi. Frazier akalalamika kwamba radhi ile aliombwa gazeti, si yeye.

Ami aliposikia habari hiyo, ananiambia, hakulala. Kwa sababu na yeye alikuwa na Frazier wake, dakika kumi kwa miguu kutoka kwake.

Akangoja Idi. Alasiri, watu wamejaa kwenye baraza ya duka lile la Langoni, kahawa inazunguka, akatoka Mkomani na mpira mpya kwapani. Alipofika hakumwita mtu pembeni. Alisema alimvunjia heshima mbele ya watu, basi radhi ya chumbani haitoshi. Akasimama pale mbele ya baraza, akatoa salamu, akamwendea yule bwana wa penalti, ambaye sasa ndiye mwenye duka na ana wajukuu, akamkabidhi mpira kwa mikono miwili vilevile kama siku ile, akasema, "Nilikutukania mama. Nimekuja kuyachukua maneno yangu." Na akapiga magoti. Kipa yule, magoti yale mabovu.

Mwenye duka alikaa kimya, watu wanasema, mpaka kahawa ikapoa. Kisha akasema, "Inuka, Ami. Ile penalti niliipiga vibaya." Baraza ikaangua kicheko, na kicheko hiki hakikumwacha mtu nje. Ndiye huyu, mabibi na mabwana, aliyetoa mipira sita mnayoiona hapa. Naye amekataza nisimtaje. Sijui kamati hii tuna nini na watu wasiotajika.

(Mwenyekiti alinionyesha saa.)

Namalizia. Wageni wetu wa kanisani, msidhani nimewasahau, maana yule aliyeangushwa Kinshasa ni wenu. Foreman baada ya siku ile aliishi na hasira. Mwaka 1977 alishindwa tena, na Jimmy Young, na ndani ya chumba cha kuvalia akapatwa na jambo ambalo yeye mwenyewe alilieleza kama kufa na kurudishwa. Akaacha ndondi miaka kumi, akawa mhubiri Houston, akafungua kituo cha vijana. Pesa za kituo zilipokauka, akarudi ulingoni, mnene, kipara, anajicheka mwenyewe kwa kupenda kula. Na Novemba 1994, ana miaka 45, akamwangusha Michael Moorer, kijana wa miaka 26, akawa bingwa wa dunia tena. Alivaa bukta ileile aliyovaa Kinshasa usiku ule alioshindwa. Mngemwona wa 1974, sura imekunjwa kama ngumi, kisha mmwone mzee huyu anayecheka na kila mtu, mngesema si mmoja. Alifariki Machi 2025. Mchungaji aliyeketi hapa amenikumbusha asubuhi Mithali 17: moyo uliochangamka ni dawa nzuri.

Mwaka 1997, kwenye tuzo za filamu huko Marekani, filamu ya pambano lile la Kinshasa ilishinda. Ali akaitwa jukwaani, na miguu ilikuwa haimsikilizi. Aliyemsaidia kupanda zile ngazi ni Foreman. Mtu aliyeangushwa alimpandisha aliyemwangusha. Ami picha hiyo anayo, imekatwa gazetini, ameibandika ndani ya mlango wa kabati, mahali ambapo mgeni haioni.

Watoto, mgeni rasmi wenu ndiye huyo. Hatatoa hotuba, nimemwomba, amesema ameshasema mengi uwanjani. Atawapa mipira tu, na akimkabidhi mtu kwa mikono miwili, apokee kwa mikono miwili.

(Hapa ndipo watoto walipoanza kuimba, "Apae! Apae!" Ami akatikisa kichwa, akaninyooshea mimi kile kidole chake kilichopinda, na kwa jinsi kilivyokwenda kombo nilijaribu kudai anamwonyesha mwenyekiti. Haikunisaidia. Nikavua viatu. Nikawapa mgongo wa upande, nikapandisha suruali kidogo, nikaomba kimya, nikainuka. Nilikuwa nimefanya mazoezi nyumbani wiki nzima, mke wangu shahidi. Nikahesabu moyoni, moja, mbili, na ikatoka sauti ya msichana upande wa kushoto, kwenye ngazi za Ngome, kule nilikosahau kwamba kuna watu wamekaa:

"Kidole! Nimekiona kidole!"

Mkunguni nzima ikacheka. Ami alisimama akapiga makofi, na hakuwa ananipigia mimi. Alipita mbele na ule mpira wa kwanza mpaka kwenye ngazi, akampa yule msichana kwa mikono miwili, ingawa jina lake halikuwa kwenye orodha na hakucheza hata mechi moja. Tukabakiwa na mipira mitano na washindi sita. Wa saba ulitoka dukani Langoni Jumatatu.)